Tusiishie kudaunilodi tu, na sisi tuweke vya kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba vijana wanaotengeneza magemu afu wanagawa michoro na kila kitu bure ni watu wasiojua thamani ya kazi yao, na kwamba makampuni makubwa yatawachukulia vya kwao. Sina ugomvi naye, na kuna sehemu kasema kweli, msanii anayeishi kwa kalamu yake alipwe, hilo halina mjadala. Ila kachanganya watu wawili tofauti. Kuna anayechora ili ale, na kuna sisi wenye kazi zetu nyingine, mi mwenyewe mchana nipo duka la spea za pikipiki, usiku ndo nafungua lepitopu nahangaika na kagemu kangu ambako sitegemei kaniingizie hata hela ya vocha. Kwa watu wa aina yetu kushea ndo kitu pekee kinachofanya gemu lifike mwisho, kwa sababu hakuna mtu anayejua kuandika programu, kuchora, kupiga muziki na kutunga hadithi vyote kwa pamoja, na kama yupo basi hana mke wala watoto.

Nieleze kidogo maana wasomaji wengi hawajui haya mambo yanaendaje. Programu ninayotengenezea gemu inaitwa Godot, ilianzia kwa jamaa wawili wa Argentina na toka 2014 iko wazi kwa kila mtu, huulizwi hela leo wala siku ukitajirika. Kuna Blender pia, ya kuchorea vitu vya pande tatu, hiyo kampuni iliyokuwa nayo ilikufa, mwaka 2002 watu wakachangishana euro 100,000 kwenye intaneti ndani ya wiki saba wakaikomboa, mpaka leo ni ya wote. Lakini kuwa na programu hakukupi gemu. Ukiifungua unakutana na skrini tupu, hakuna mtu wa kutembea, hakuna nyumba, hakuna hata mti. Hapo ndo unaenda kwenye tovuti ya OpenGameArt, ambako watu wanaweka michoro ya magemu toka 2009, au kwa yule Mholanzi anayejiita Kenney aliyemwaga maelfu ya picha kwa leseni ya CC0, yaani chukua, badilisha, uza ukitaka, hata usipomtaja hana neno.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Liberated Pixel Cup, mashindano ya 2012 yaliyoandaliwa na Creative Commons, wale waliotunga leseni za CC, Free Software Foundation, watetezi wa programu huria, na hao hao OpenGameArt. Hawakumwambia kila mtu achore anavyojua. Walitoa kwanza mwongozo, kigae cha ardhi kiwe pikseli, yaani vidoti vya picha, 32 kwa 32, mwili wa mtu ukae kwenye kisanduku cha 64 kwa 64, kivuli kiwe hivi, rangi ziwe hivi, wachoraji wakachora kwa kufuata huo, afu waandishi wa programu wakatengeneza magemu kwa kutumia michoro hiyo hiyo. Faida yake ni kwamba kofia aliyochora mtu asiyekujua inakaa sawasawa kwenye kichwa alichochora mwingine. Mashindano yaliisha zamani lakini watu wanaendelea kuongeza nguo, nywele, silaha, mpaka sasa kuna programu ya kuchagua hivyo vitu kimoja kimoja, inakuunganishia mtu mzima na inakutolea na orodha ya waliochora kila kipande.

Sa mi nilitaka mtu wangu avae kanzu. Mwili upo, niliukuta umeshachorwa. Kutembea peke yake ni picha 9 kwa upande mmoja, na pande ziko 4, juu, kushoto, chini, kulia, kwa hiyo kanzu moja ni picha 36, hapo hujagusa kupiga wala kuanguka. Na kanzu ina ubishi wake, inaficha miguu, usipoisogeza mikunjo na pindo kila hatua, jamaa anaonekana kama anateleza kwenye sakafu iliyomwagika mafuta ya taa. Ile picha ya tatu na ya saba, mguu ukiwa mbele kabisa, nilizifuta na kuzirudia mpaka wife akauliza kama kanzu hiyo ni ya harusi. Nimeimaliza, nimeiweka wazi, na sikuweka picha ya mwisho peke yake, nimeweka na faili lenye leya zote, kivuli mbali, kitambaa mbali, ili mwingine akitaka kanzu ya rangi ya maziwa au joho asianze moja. Sasa nimuulize ndugu yangu msomaji, nimepoteza nini? Ningeifungia kwenye lepitopu, kijana wa Tanga au wa Mombasa mwenye shida hiyo hiyo angekaa naye achore picha zake 36, na mi ningebaki na kanzu isiyovaliwa na mtu.

Kinachoniuma zaidi ni kingine. Tafuta kijiji kwenye hiyo hazina ya michoro ya bure, utapewa ngome, theluji na nyumba zenye dohani. Nilitafuta basi nikapata lile la njano la shule za Marekani na lile jekundu la ghorofa la London. Mi gemu langu ni la konda, nataka Hiace yenye mstari wa rangi ya ruti ubavuni, mlango wazi, mtu ananing'inia! Sikuiona. Bajaji ya kueleweka sikuiona, jiko la mkaa la mama ntilie sikuliona, bati lenye kutu juu ya ukuta wa tofali za bloku ambao haujapigwa lipu, nalo hakuna. Watu huko hawajatubagua jamani, wanachora wanachokiona dirishani kwao, cha kwetu wanangoja sisi tuchore. Na ukichora wanapokea. Angalia 0 A.D., gemu la vita vya kale linalotengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, 2018 waliongeza Kush, wale wa Nubia na mapiramidi yao, majengo, askari, kila kitu, na michoro yake unaruhusiwa kuichukua ukafanyia yako.

Tatizo letu lingine ni leseni, na hapa naomba vijana wanisome vizuri. Mtu anachora kitu kikali anatupia kwenye grupu la WhatsApp anaandika tumieni tu wadau. Tumieni vipi? Naruhusiwa kubadilisha? Naruhusiwa kuuza gemu lenye picha hiyo? Hapa Tanzania kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 kazi yako inalindwa toka umeichora, husubiri kusajili, kwa hiyo mtu makini akikuta picha haina maelezo anaipita, hata kama ni nzuri kuliko zote. Andika mstari mmoja tu. CC0 kama umeachia kabisa, CC-BY kama unataka utajwe, CC-BY-SA kama unataka anayebadilisha na yeye aachie kwa masharti hayo hayo. Yule msomaji anayeogopa makampuni makubwa, hiyo ya mwisho ndo dawa yake. Wengi wanakimbilia ile ya kukataza biashara, inaonekana ya busara lakini inakufungia nje, OpenGameArt hawaipokei, Debian, wale wa mfumo huria wa kompyuta, hawaingizi kitu cha namna hiyo kwenye hazina yao kuu ya programu, unajikuta umegawa kazi bure na bado haiendi popote.

Na hata hao wa makampuni wapo walioachia vya kwao. Kulikuwa na gemu la mtandaoni linaitwa Glitch, halikulipa, likafungwa 2012, mwaka uliofuata wenyewe wakaachia michoro yake karibu yote kwa CC0, maelfu ya vitu, miti, wanyama, nguo. Kampuni hiyo ndo ikaja kuwa Slack, wale wa programu ya kuchati maofisini, sidhani kama kugawa ile miti kuliwafilisi.

Kwa upande wa sisi tunaochukua, tuache ule mchezo wa nimeitoa Google. Google hachori. Weka faili dogo ndani ya gemu, jina la kazi, aliyechora, ulikoitoa, leseni, na ulichobadilisha, na uandike siku ile ile unadaunilodi, ukisema utaandika mwishoni hutakumbuka hata robo.

Kuhusu aidia sitakaa sana. Watu wanaficha aidia ya gemu miaka mitatu eti wataibiwa, na hawajaandika hata mstari mmoja wa programu. Sheria yenyewe hailindi aidia, inalinda ulichokichora na ulichokiandika. Toka 2002 kuna mashindano ya kutengeneza magemu yanaitwa Ludum Dare, wote mnapewa mada moja, ile ya mtu mmoja mmoja una masaa 48, na unatakiwa uweke wazi jinsi ulivyoliandika gemu lako. Mada ni ile ile kwa wote na bado kila mmoja anatoka na lake.

Mhariri, kwako nina ombi. Una wachora katuni wazuri sana kwenye gazeti hili, yule wa Jumamosi anachora daladala kama kazaliwa ndani yake. Sisemi agawe katuni zake, hizo ndo ugali wake. Ila akiwa na daladala moja ya zamani aliyoichora akaitupa pembeni, hata ya kalamu tu, akaiachia kwa CC-BY, nitaifanyia kazi mwenyewe ya kuiweka kwenye pikseli na jina lake litakaa la kwanza kwenye gemu. Na kwa msomaji yeyote anayekaa karibu na stendi, natafuta sauti ya konda akigonga bodi mara mbili gari liondoke, kwenye tovuti ya Freesound ziko sauti za kila aina ila hiyo sijaipata. Irekodi asubuhi kabla muziki wa kwenye magari haujapanda, muombe konda ruhusa, uiweke na leseni yake.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam