Barua kwa Chebet kuhusu Vile Vipande vya Umio

Nairobi,
Jumapili jioni

Mpendwa dada Chebet,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu, ambacho najua utanitwika mimi peke yangu. Hatujambo, ila baridi ya Julai. Omari bado anadai ile picha ya mahafali, nami nimemwomba anidai polepole.

Nakuandikia kwa sababu ya sampuli zilizotufikia Alhamisi. Kati ya vipande sita vya saratani ya umio, vinne sidhani vitafaa. Kimoja, kikubwa kama kidole gumba, kilikuwa kimesongwa ndani ya kichupa. Nilipokikata, nje kilikuwa kigumu na cha kijivu kwa fomalini, ile dawa ya kuzuia kuoza, lakini katikati kilikuwa bado chekundu na kimeanza kuoza. Sikulaumu wewe, ingawa aliyeacha mzigo huo stejini siku nne nina neno naye.

Kwa rangi zetu za kawaida, hematoksilini na eosini, pengine tungekisoma hivyo hivyo. Kazi ya sasa haina huruma hiyo. Slaidi zitapelekwa ng'ambo, kwenye mashine ya aina iliyoelezwa na watafiti wa Zurich mwaka 2014, ambapo kila kingamwili, yaani protini inayonasa protini moja maalumu, hubeba isotopu (aina) yake ya metali, kisha leza huichoma tishu nukta baada ya nukta, kila nukta ikiwa na upana wa mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), na metali inayoruka kutoka pale hupimwa. Hivyo mkato mmoja unatuonyesha protini zipatazo 40, tukaweza kusema hii ni seli ya saratani, ile iliyoiegemea ni seli T ya kinga, na yule aliyejibanza kando ya mshipa wa damu ni makrofaji, seli ya kinga inayomeza vijidudu. Nilipomweleza Mama, aliniuliza kama tunaandika na majina ya wasiolipa chama.

Tatizo ni kwamba fomalini huunganisha protini kama anayefunga mzigo kwa kamba: ikikaa mno, kingamwili haipati pa kushika, na kuchemsha slaidi hurudisha sehemu tu. Isipopenya, tishu hujila yenyewe kutoka ndani. Tena milimita moja ya mraba ni nukta milioni moja, na kilichochomwa hakirudi. Fikiria tumeteketeza kipande cha mgonjwa aliyetia sahihi kwa imani, kisha tupate picha tupu! Na ugonjwa wenyewe ni huu unaowamaliza watu wa huko kwenu.

Kwa hiyo nakuomba, dada, kila kipande kikatwe kisizidi nusu sentimita kwa unene, fomalini iwe mara kumi ya ujazo wake, na saa ya kukitumbukiza iandikwe kwenye kichupa. Saa 24 zinatosha, 72 zisipitwe. Ndiyo maana upasuaji wa Ijumaa, ambao sampuli zake hukaa wikendi nzima, unanitia wasiwasi.

Je, fomalini yenu ni ile yenye bafa ya kuzuia asidi, au mnachanganya wenyewe? Nani hubaki na sampuli wikendi? Mnaweza kuzigandisha katika parafini, ile nta, huko huko, mkanitumia vitalu badala ya vichupa? Na lile tanuri la parafini alilolitengeneza Wekesa, bado linafanya kazi?

Nijibu kabla ya Alhamisi, kwa maana nasikia mna upasuaji mwingine siku hiyo.

Wako,
Mwende