Feromoni ya sisimizi si sumu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kuandika neno, lakini makala yenu kuhusu feromoni, yaani harufu ambazo wadudu hutoa ili kupashana habari, na sisimizi vamizi imenilazimu kushika kalamu. Mliandika kwamba imepatikana harufu inayoua sisimizi wa kila aina. Si kweli, na kauli hiyo imeshatutia hasara wafugaji nyuki wa Tabora.

Kilichofanyiwa utafiti ni harufu ambayo sisimizi wa Argentina huifuata wakitembea kwa msafara. Mtafiti Max Suckling wa New Zealand na wenzake waliitandaza kwa wingi, misafara ikavurugika na sisimizi wakabaki kutangatanga, harufu haikuwaua. Mwaka 2014, huko California, Dong-Hwan Choe na wenzake waliichanganya na sumu ya kawaida ili sisimizi wavutwe hadi penye sumu. Kinachoua ni sumu. Tena harufu hiyo ni ya sisimizi wa Argentina, si ya siafu wala ya sisimizi wetu wanaopanda mizinga.

Haukupita muda tangu makala hiyo itoke, shemeji yangu akauziwa mjini chupa ya soda isiyo na lebo, akahakikishiwa kuwa ndiyo ile dawa ya harufu ya gazetini na kwamba haidhuru nyuki. Kwa nia njema kabisa akanyunyizia shina la mti wa mtundu nilikotundika mizinga, akapitisha na mlangoni mwa mzinga mmoja ambako sisimizi walikuwa wamejipanga. Asubuhi nilikuta nyuki wametapakaa chini, ndimi zimetoka nje, dalili ya sumu ambayo mrina asali haitilii shaka, huku sisimizi wakipita kwenye tawi la mti wa pili na kuingia kwenye masega yaliyokosa walinzi. Mwandishi wenu angemuuliza mfugaji yeyote wa Sikonge au Urambo, angeelezwa kuwa nyuki akichoma huacha harufu kama ya ndizi mbivu, kwamba harufu hiyo ndiyo huwaita wenzake waje kushambulia, na kwamba moshi tunaopuliza kazi yake mojawapo ni kuifunika. Harufu za wadudu ni ujumbe, nasi tunaishi nazo kila siku.

Na wanaopulizia miembe ikiwa imechanua, mchana kweupe, nyuki wakiwa kazini, na kuwaua hata maji moto, wale sisimizi wa mitini wanaokula wadudu waharibifu, mbona hamjawahi kuwaandika?

Naomba masahihisho yachapwe ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, na wahusika wapige marufuku kuuza viuatilifu kwenye chupa za soda. Wenye mizinga waitundike kwa waya uliopakwa grisi, wakate kila tawi linaloigusa, na wapake upya grisi inaposhika vumbi, kwa kuwa sisimizi hupita juu ya vumbi hilo bila shida.

Mfugaji nyuki,
Tabora