Siku ya kukomesha sindano iandikwe kwenye faili

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Umoja. Nilifanya kazi miaka 31 katika wodi za upasuaji hapa Nairobi, na kilichonifanya nishike kalamu ni mkono wa kijana mmoja.

Kijana huyo ni mtoto wa dada yangu, mwendeshaji bodaboda. Miezi miwili iliyopita alipasuliwa ngiri katika hospitali moja ya jijini. Ilikuwa ngiri ya kawaida, bila usaha, bila utumbo kuoza. Nilipokwenda kumwona siku ya tano nilimkuta ameketi kitandani anakula ugali na sukuma wiki. Homa hana, kidonda kimekauka. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kutoka penye kanula, kile kibomba cha plastiki cha kupitishia dawa mshipani, hadi kwenye kiwiko, na mshipa umekuwa mgumu kama kamba. Nikaomba kuona karatasi yake ya dawa. Antibiotiki mbili: sindano ya seftriaksoni gramu 1 asubuhi na jioni, na metronidazoli ya dripu mara tatu kwa siku. Sababu haikuandikwa. Siku ya mwisho haikuandikwa. Dada yangu alikuwa ameshatumwa kemisti mara mbili, kwa kuwa dawa zilikuwa zimeisha hospitalini.

Nikamuuliza daktari wa zamu, kijana mpole, "Daktari, hizi zinatibu nini?"

"Ni za kukinga tu, mama. Atamaliza siku saba."

Kinga ya upasuaji haihesabiwi kwa siku saba. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mgonjwa anayehitaji kinga hiyo apewe dawa ndani ya dakika 120 kabla ya kukatwa, na upasuaji ukiisha isiendelezwe kwa nia ya kuzuia maambukizi. Dozi za siku zinazofuata hazimwongezei kinga. Zinamwachia mshipa uliovimba, tumbo la kuhara na bili.

Najua tabia hii ya kuikimbilia seftriaksoni inatoka wapi, kwa sababu niliishi nayo. Benzipenisilini, antibiotiki nyingine ya sindano, hudungwa kila baada ya saa 6. Kwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 40 usiku, maana yake ni kuchanganya dawa saa sita usiku, kuzunguka kitanda kwa kitanda, kisha kuanza upya saa kumi na mbili asubuhi huku damu inasubiri kutundikwa na mgonjwa wa kona anapumua vibaya. Seftriaksoni hutosha mara moja kwa siku kwa magonjwa mengi. Daktari alipoiandika nilishukuru kimoyomoyo. Hakuna aliyeniuliza kama ndiyo iliyofaa, nami sikuuliza. Kwa hiyo anayetaka madaktari waache kuikimbilia aanze kwa kuajiri wauguzi. Serikali ya kaunti na Wizara ya Afya wananisikia.

Seftriaksoni si dawa mbaya. Ndiyo tunayoitegemea mtoto anapoletwa usiku shingo imekakamaa kwa homa ya uti wa mgongo, na hapo kila saa ina thamani. Huyo asingojeshwe hata kidogo. Ndiyo maana inaniuma kuiona ikimwagwa kwenye ngiri. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibiotiki katika makundi matatu, na seftriaksoni ikawekwa katika kundi la kutumiwa kwa tahadhari, kwa sababu bakteria wa tumboni wanaizoea upesi. Klebsiela, mmoja wa bakteria hao, akishajifunza kuivunja, daktari anabaki na antibiotiki kama meropenemu, na meropenemu si dawa ambayo familia ya mtaa wa Pipeline itaimudu kwa wiki mbili.

Ninachoomba hakihitaji mashine mpya. Anayeandika antibiotiki kwa mgonjwa aliyelazwa aandike pembeni inatibu nini na itaangaliwa upya lini. Kama anashuku maambukizi makali, damu ya kuotesha bakteria maabara itolewe kabla ya dozi ya kwanza, maana ikitolewa baadaye maabara mara nyingi haioteshi kitu na tunabaki kubahatisha. Baada ya saa 48 hadi 72 daktari mkuu asimame kando ya kitanda na kuamua: kuacha, kubadilisha, au kumhamishia mgonjwa kwenye vidonge kama anakula na homa imeshuka. Nimeona wagonjwa wengi mno wakimeza chai na mkate huku wamefungwa kwenye dripu kwa sababu tu jamaa wanaamini sindano ndiyo dawa yenyewe. Nanyi jamaa, mkitumwa kemisti, ulizeni kwa heshima dawa ni ya ugonjwa gani na itakwisha lini. Hiyo ni haki yenu, wala si kumkosea daktari adabu.

Jioni ile daktari mkuu alipopita nilimwonyesha mkono. Alisoma karatasi, akatazama kidonda, akapiga mstari kwenye dawa zote mbili. Kanula ikatolewa. Kijana aliruhusiwa kesho yake, lakini kwa wiki mbili mkono ule haukuweza kukamata klachi, na pikipiki yake ni ya mkopo.

Muuguzi mstaafu,
Umoja, Nairobi