"Hitilafu ya kiufundi" si habari

Mhariri,

Taarifa yenu ya Jumatatu kuhusu kukatika kwa umeme imenishikisha kalamu, jambo nililoliacha tangu nistaafu ufundi wa rilei, vifaa vinavyolinda laini za umeme za msongo mkubwa. Mliandika kwamba kulitokea "hitilafu ya kiufundi", mitambo ya ulinzi "ikashindwa kazi", na chanzo "bado kinachunguzwa". Hakuna hata moja kati ya hayo ambayo mkuu wangu wa zamu angeyapokea.

Laini kuzimika ndiyo kazi yenyewe ya ulinzi. Radi ikipiga au tawi likigusa waya, rilei hupima volteji na mkondo, hukadiria shoti iko umbali gani, kisha huamuru breka, yaani swichi kubwa ya laini, ifunguke na kukata umeme. Shoti ikiwa ndani ya asilimia 80 hivi za mwanzo za laini hakuna kusubiri, yote huisha katika takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Na kwa kuwa shoti nyingi za nyaya za angani ni za kupita, breka hujirudisha na msomaji wenu huona taa ikipepesa tu. Mlichopaswa kuuliza ni kwa nini laini za mbali, zisizo na shoti, nazo zilizimika siku hiyo. Rilei hugawa umbali katika zoni, na ya tatu hutazama mbali ili kuwasaidia wenzake wakilala. Isipopangwa vizuri, huuona mzigo mkubwa kama shoti. Ndivyo ilivyokuwa Ohio tarehe 14 Agosti 2003: laini zilizogusa miti zilizimika, mzigo ukahamia laini nyingine, zoni ya tatu ikaikata hiyo nayo bila shoti yoyote, na watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakabaki gizani. India ikayaona hayohayo Julai 2012. Mnataka ya ngapi?

Eti chanzo kinachunguzwa! Rilei za kidijitali huandika fezi iliyopata shoti, mkondo, kilomita kutoka kituoni, na wakati hadi milisekunde. Injinia wa zamu ameshayasoma kabla hamjampigia simu msemaji.

Juzi waya wa usambazaji ulidondoka karibu na kwangu, ukalala kwenye mchanga mkavu ukitoa cheche. Nikapiga simu ya dharura. Kijana akanijibu kwa upole, "Mzee, kwenye mfumo laini hiyo haina tatizo." Itakuwaje nalo? Mchanga mkavu hupitisha mkondo mdogo mno, rilei ya mkondo mkubwa haiuoni, na waya unaendelea kuwa na umeme. Nilipojaribu kumweleza, akaniomba namba ya mita. Nikabaki pale nikifukuza watoto.

Na wale wanaoacha miti irefuke chini ya laini, halafu mti ndio unalaumiwa! Waya uliobeba mzigo siku ya joto hurefuka na kushuka; mti haukuruka.

Basi kila mnapochapa "hitilafu ya kiufundi", wekeni pembeni kisanduku: zoni iliyokata, kilomita ya shoti, tarehe rilei ilipopimwa mara ya mwisho, na cheo cha aliyeidhinisha mipangilio yake. Msemaji akikosa majibu, chapeni kisanduku kitupu, kwa ukubwa uleule. Nafasi ikiwa finyu, ondoeni safu ya nyota.

Fundi rilei mstaafu