Gari la kufunua paa: lisubiri mpaka mvua inyeshe

Kila mwaka minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, gereji yetu hapa Mtwara hupigiwa simu za swali moja: "Fundi, nimepata Mercedes ya zamani, inafunuka juu, bei nzuri. Niichukue au nisubiri?" Wengi tunawaambia wasubiri mpaka Februari.

Gari la namna hii unalilipia paa, na paa la kukunja likikaguliwa juani halikuambii kitu. Mvua zetu huanza Desemba na kwenda hadi Aprili. Oktoba kila kitu ni kikavu: muuzaji anabonyeza swichi, paa linakunjika, umeshalipenda. Raba zilizokakamaa na kupitisha maji utazijua ukiwa umeshalipa. Februari gari hilohilo linajieleza lenyewe. Inua zulia, bonyeza sponji ya chini yake, kisha nusa. Uvundo wa miezi miwili haufichiki kwa pafyumu.

Wapo wanaouliza kwa nini tusilimwagie maji kwa mpira tu. Tunamwagia, na raba mbovu tunaiona. Lakini mpira wa maji hauonyeshi gari limefanywa nini na msimu mzima wa mvua, na hasara kubwa iko hapo. Chukua BMW Z4 ya kwanza, iliyoanza kutoka 2002. Mota ya paa lake imekaa mahali pa chini, upande wa nyuma. Vijia vya kutolea maji vikiziba kwa majani na mchanga, maji hujaa humo na mota hufa. Ukilaza gari chini ya mwembe na Jumapili ukalipeleka ufukweni Msimbati, kuziba ni suala la muda. Mercedes CLK ya wazi ya 1998 hadi 2003 ina lake: silinda ya haidroliki iliyo juu ya kioo cha mbele huvuja, mafuta yakamdondokea dereva.

Mteja wetu mmoja paa lilimgomea katikati, limesimama wima, mvua inanyesha, akaja nalo hivyo kutoka Mikindani. Tulilifunga kwa mikono, watu wanne. Pampu ya paa tuliisubiri kutoka Kariakoo wiki tatu, na muda wote huo gari lilikaa chini ya turubai. Alikuwa amelinunua Novemba.

Kuna hofu kwamba ukichelewa ushuru utapanda. Kwa anayeagiza Japani, Mamlaka ya Mapato (TRA) hutoza ushuru wa ziada kwa umri wa gari, na gari lililopita miaka 10 limeshafika daraja la juu. La 2004 lilishafika huko zamani, kwa hiyo miezi minne haikuongezei daraja. Mwenye haraka ya kweli ni yule ambaye gari lake linakaribia kutimiza miaka hiyo 10. Kwa vyovyote, piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela.

Moja tu tunaweza kukuambia ulichukue hata Oktoba: Toyota Soarer ya 2001 hadi 2005, ambayo nje ya Japani iliuzwa kama Lexus SC430. Injini yake ya V8 ya lita 4.3 ndiyo iliyofungwa kwenye Celsior, saluni kubwa ya Toyota, kwa hiyo mafundi wanaijua. Muuzaji akuonyeshe risiti ya kubadilisha taiming belti. Mafuta inakunywa, hilo ulipangie bajeti.

Kama gari limekuwa likilala Shangani au popote karibu na bahari, angalia bawaba za paa na chini ya buti. Kutu ya chumvi huanzia huko.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika gari, njoo nalo gereji pamoja na muuzaji. Tutalifungua na kulifunga paa mara tano, injini ikiwaka. Muuzaji akianza kusita mara ya tatu, rudi nyumbani na hela yako.