Vibao vya Honolulu

Mwanangu Mwanamisi,

Kabla hujasoma zaidi, mpe bibi yako shikamoo yangu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea.

Siku ya pili hapa Honolulu, Hawaii, nilitafuta choo nikakuta milango miwili: mmoja Kāne, wa pili Wahine. Picha hakuna. Nilingoja mpaka mama mmoja akatokea mlango wa pili, ndipo nikaingia. Tangu siku hiyo hakuna kibao kinachonipita. Ukiona KAPU kwenye ua, usiingie, ni marufuku. Mapipa ya taka yameandikwa Mahalo, na mgeni anaweza kudhani ndilo jina la taka, kumbe ni asante. Basi la uwanja wa ndege linaitwa Wiki Wiki, yaani haraka haraka, na Wikipedia unayoisoma imelirithi neno hilo.

Kihawaii kinasomeka kama chetu: irabu ni a, e, i, o, u, na kila silabi inaishia na irabu. Hata maneno mengine utadhani unayajua. Hana ni kazi, nani ni uzuri, hapa ni nusu. Jioni mikahawa inaweka kibao cha Pau Hana, kazi imekwisha, njooni mpumzike. Kuna na kialama kidogo wanachokiita ʻokina, usikidharau, kwani pau ni kwisha na paʻu ni masizi. Ni kama ng'ombe ukimnyang'anya kile king'ong'o chake.

Kwenye magari ya chakula nakuta Ono Grinds, chakula kitamu. Ono ni Kihawaii, grinds ni Pijini, lugha iliyozaliwa kwenye mashamba ya miwa, Wahawaii, Wachina, Wajapani, Wareno na Wafilipino walipolazimika kuelewana.

Mwaka 1896 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote, na watoto wakaadhibiwa kwa kusema Kihawaii. Kilirudi kuwa lugha rasmi mwaka 1978. Mwaka 1984 wazazi na walimu wakafungua chekechea ya kwanza ya Pūnana Leo, kiota cha sauti, ili watoto walelewe ndani ya lugha hiyo.

Nilipoyajua hayo nilikumbuka kibao changu mimi. Nikiwa darasa la nne nilivishwa kipande cha ubao shingoni, kwa kamba ya katani, kwa sababu nilimwita mwenzangu kwa Kidigo. Nilikaa nacho mpaka kengele ya jioni. Bibi ananiambia siku hizi akikusemesha Kidigo unamjibu kwa Kiingereza. Sikukasirika, mwanangu, lakini usiku ule sikulala.

Hapa ukiuliza njia hawakwambii kushoto wala kulia. Ni mauka, upande wa milima, au makai, upande wa bahari, na vibao vinaandika hivyo hivyo. Jumamosi mkienda shambani, muulize bibi anavyoziita pande hizo kwa Kidigo. Uniandikie kwa mkono wako, kwa herufi kubwa. Nimeshaacha nafasi ukutani, juu ya kitanda changu.

Mama yako