YAH: Malalamiko kuhusu kilengeo cha nukta nyekundu nilichouziwa badala ya darubini ya bunduki

Bagamoyo,
Mkoa wa Pwani.

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Uwindaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Bagamoyo na mwindaji mwenye leseni, na bunduki yangu, raifoli ya .30-06, imesajiliwa kwa mujibu wa sheria. Nilipofika dukani kwenu nilieleza haja yangu wazi: nilitaka kifaa kimoja cha kulengea kitakachonifaa vichakani, ambako mnyama huchomoka hatua chache tu mbele yako, na pia kwenye nyasi za wazi, ambako tohe, mnyama wa jamii ya swala, husimama umbali wa mita 100 au 150 akikutazama. Nilimweleza pia muuzaji wenu kwamba navaa miwani kwa sababu uso wa jicho langu haukupinda sawasawa, hali ambayo madaktari huiita astigmatizimu. Nikaulizia darubini yenye ukuzaji mdogo, ile inayoanzia mara 1 na kuishia mara 4 au 6. Yeye akanishawishi nichukue kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kioo kisichokuza ambacho humwonesha mlengaji nukta ya mwanga inayotegemea betri, akinionesha tangazo lenu la kaunta linalodai kwamba vifaa hivyo viwili vinafanya kazi ile ile, isipokuwa kilengeo ni chepesi na cha bei nafuu.

Kifaa chenyewe si kibovu, na sitaki kumwonea aliyekitengeneza. Vilengeo vya aina hii vina sifa yake: kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilipoingiza sokoni cha kwanza mwaka 1975, wawindaji walikuwa miongoni mwa waliokipokea, kwa kuwa mtu analenga macho yote mawili yakiwa wazi, na popote nukta inapokaa ndipo risasi inapokwenda. Kichakani, kwa umbali wa mita 30 au 40, sina neno nacho. Kilicho kibovu ni ushauri niliopewa.

Nukta ya kilengeo mlichoniuzia ina upana wa dakika 6 za pembe. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, ni takriban sentimita 2.9 kwa umbali wa mita 100. Kwa hiyo nukta hiyo inafunika zaidi ya sentimita 17 katika mita 100, na kama sentimita 26 katika mita 150. Moyo na mapafu ya tohe havina nafasi kubwa kuliko hiyo. Namlenga mnyama ambaye sehemu ninayotakiwa kuipiga siioni, kwa sababu imefichwa na chombo kile kile kinachopaswa kunionesha. Zaidi ya hapo, kifaa hakikuzi chochote, ilhali mwindaji anawajibika kutambua dume na jike kabla kidole hakijagusa triga.

Machoni pangu hali ni mbaya zaidi, maana nukta haionekani ya duara bali imetawanyika na kutoa mikia pembeni. Nilipoipiga picha kwa kamera ya simu kupitia kioo hicho hicho, ilitoka ya duara safi kabisa, jambo linaloonesha kwamba tatizo ni jicho langu, lile lile nililomtajia muuzaji kabla sijalipa. Katika darubini, msalaba wa kulengea huchongwa kwenye kioo, nami ningezungusha kioo cha nyuma, kile kilicho upande wa jicho, mpaka niuone vizuri. Na hata betri ikiisha porini, msalaba hubaki pale pale.

Nilipowapigia simu, niliambiwa ninunue lenzi ya nyongeza inayokuza mara 3 na kuifunga nyuma ya kilengeo. Jibu hilo lilinisikitisha kuliko kosa la kwanza. Lenzi hiyo hukuza mnyama na nukta kwa pamoja, hivyo sehemu inayofunikwa inabaki ile ile, na mikia ninayoiona nayo inakua mara 3. Ningekuwa nimelipa mara mbili kwa tatizo lile lile.

Nasisitiza haya kwa sababu risasi iliyokosea kidogo haiishii hewani. Mnyama aliyejeruhiwa huingia kichakani kufa kwa mateso, na msoma nyayo hulazimika kufuata damu mahali asipoona mbele.

Kwa hiyo naomba mnibadilishie kilengeo hiki kwa darubini ya mara 1 hadi 4, au 1 hadi 6, yenye bomba la milimita 30, na inayoruhusu jicho kukaa angalau sentimita 9 kutoka kioo cha nyuma, kwani bunduki yangu hurudi kwa nguvu na darubini inayodai jicho lisogee karibu itanipasua nyusi. Tofauti ya bei nitailipa. Naomba pia tangazo la kaunta liondolewe, na wauzaji wenu waelekezwe kumuuliza mteja umbali anaopigia na hali ya macho yake kabla ya kumchagulia kifaa.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nakala ya risiti, picha ya tangazo na picha ya nukta niliyoipiga kwa simu nimeziambatanisha.

Wenu katika biashara,

Mteja wenu,
Bagamoyo.